KONA YA MWALIMU: Fidla 5, wanafunzi 12

  

Mwezi huu nilitaka kuendelea na ile habari ya kuchemsha maji tuliyoianza mwezi uliopita. Lakini kuna barua imeniletea usingizi mbaya, na nimeona niijibu hapa hapa, maana najua haimhusu mama mmoja tu. Mwenyewe amenikubalia niiandike bila kutaja jina lake wala upande anaokaa. Anasema hivi:

"Mwanangu Mwalimu, salamu. Nina kijana wa miaka 13. Tangu mvua ziishe ametengeneza kitu kama zeze, kwa kopo la mafuta ya kula na mshipi wa kuvulia samaki. Anakwaruza asubuhi, anakwaruza jioni. Maji hateki, majirani wamechoka. Basi nimekificha. Nimemwambia kwanza vyombo vya kweli hatuna na mwalimu hatuna. Pili, mambo ya fidla ni ya Wazungu, si ya watu kama sisi. Tatu, asubiri, tukihamishwa tukafika nchi yenye shule, huko atajifunza vizuri. Tangu siku ile ananijibu ndiyo na hapana tu. Je, nimekosea?"

Mama yangu, shikamoo. Mimi ni mdogo kwako, siwezi kukuambia umekosea. Mtoto asiyeteka maji anastahili kugombezwa, hilo tuko pamoja. Ila hayo maneno matatu uliyomwambia nimeyafikiria sana, sababu hata mimi niliwahi kujiambia hivyo hivyo. Niruhusu nijibu moja moja.

VYOMBO HATUNA, MWALIMU HATUNA

Wenzetu mliotoka Kongo labda mmewahi kusikia habari za Armand Diangienda wa Kinshasa. Huyu bwana ni mjukuu wa Simon Kimbangu, yule aliyekamatwa na Wabelgiji mwaka 1921 akafa gerezani Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1951, baada ya miaka 30. Lakini mimi simtaji kwa habari ya dini. Namtaja kwa sababu ya fidla.

Armand alikuwa rubani wa ndege. Baadaye kazi ikaisha, kama zilivyoisha kazi za watu wengi Zaire ya wakati ule. Baba yake, aliyekuwa kiongozi wa kanisa lao, alikuwa amemwachia wosia kwamba aanzishe okestra, yaani kundi kubwa la wapigaji wa fidla, filimbi, tarumbeta na ngoma wanaopiga pamoja wakimfuata kiongozi mmoja. Baba akafariki mwaka 1992. Na Armand mwenyewe hakuwa amesoma shule yoyote ya muziki! Alikuwa anajua piano kidogo tu.

Mwaka 1994 akaanza. Mnajua alianza na nini? Wanafunzi 12 na fidla 5. Basi. Mmoja akipiga dakika kadhaa, anampa mwenzake, naye anakaa pembeni anamwangalia vidole. Karatasi za noti, yale maandishi ya muziki, walizinakili kwa mkono. Uzi ukikatika hakuna duka la kununua, wakachukua waya wa breki ya baiskeli wakaufunga kwenye fidla. Armand mwenyewe alikuwa anajifunza selo, ambayo ni kama kaka mkubwa wa fidla, unaipiga umekaa. Alichokijua jana, leo anakifundisha.

Ngojeni kidogo niwaeleze fidla yenyewe, kwa ambao hawajaiona. Ni sanduku dogo la mbao, tumbo tupu, lina shingo na nyuzi 4. Unaliweka kati ya bega na kidevu. Mkono wa kulia unashika upinde uliofungwa singa za mkia wa farasi, unazipaka utomvu mkavu wa mti ili zikamate uzi. Mkono wa kushoto unabonyeza nyuzi. Sasa shida iko hapa: gitaa lina vipande vya chuma shingoni vinavyokuonyesha uweke kidole wapi. Fidla haina alama hata moja. Kidole kikisogea unene wa punje ya mchele, sauti inaharibika. Ndiyo maana anayeanza, miezi ya kwanza, analia kama mlango wa bati wenye kutu. Mama, ile kelele ya kijana wako ndivyo ilivyo kwa kila mtu anayeanza, hata kwa mtoto wa tajiri.

Turudi Kinshasa. Toka mwaka 1994 mpaka leo nchi ile imepita wapi? Mobutu aliangushwa mwaka 1997. Vita kubwa vikaanza 1998. Laurent Kabila akauawa 2001. Sisi tuliotoka Uvira na Fizi hatuhitaji kusimuliwa. Na katika miaka yote hiyo, wale watu jioni wakitoka sokoni, saluni na gereji, walikuwa wanakwenda kufanya mazoezi mtaa wa Ngiri-Ngiri. Umeme ukikatika wanasubiri gizani, ukirudi wanaendelea. Wakafika watu wapatao 200, wapigaji na waimbaji. Wakapiga simfonia ya 9 ya Beethoven, kazi kubwa ya mwaka 1824, ambayo mwisho wake kwaya inaimba kwa Kijerumani. Beethoven alipoitunga alikuwa kiziwi. Fikirieni, watu wa Kinshasa wanajifunza neno moja moja la Kijerumani kwa ajili ya wimbo wa mtu aliyekuwa hasikii.

Filamu yao ilitoka mwaka 2010, inaitwa Kinshasa Symphony. Niliiangalia kwenye kompyuta ya mgeni mmoja aliyepita hapa kambini, tukiwa tumebanana watu tisa mbele ya kioo kidogo. Mwaka 2013 chama cha muziki cha zamani sana cha Uingereza, Royal Philharmonic Society, kilimpa Armand uanachama wa heshima. Mwaka 2014 okestra yote ikasafiri mpaka Uingereza kupiga huko.

Lakini mama, mimi kilichonishika siyo Uingereza. Ni zile fidla 5. Hesabu haigawanyiki! Angesema "tusubiri zifike 12" angekuwa bado anasubiri.

Darasani kwangu nina vitabu 11 vya kusoma na watoto 64. Zamani nilikuwa navifungia sandukuni, nasema visichanike mpaka vitakapokuja vingine. Baada ya ile filamu nilivitoa. Sasa kila kundi linapata dakika 20 kwa saa ya kengele, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanafuata kwa kidole. Viwili vimeshachanika, kweli. Ila wapo watoto 9 ambao walikuwa hawajui herufi, na sasa wanasoma vibao vya visimani.

SI YA WATU KAMA SISI

Neno la pili, mama. Hapa ndipo ninyi wenyeji wa pwani, ndugu zetu wa Palma na Mocímboa, mtanisaidia, maana taarabu mmezaliwa nayo. Mzee mmoja jirani yangu anasema kabla ya kukimbia alikuwa na redio, usiku anasikiliza Tanzania ng'ambo ya Ruvuma, na hakuna harusi iliyopita bila taarabu. Nikamwuliza, "Mzee, kwenye taarabu ile sauti inayolia kama mtu anayebembeleza ni chombo gani?" Akacheka. "Si fidla hiyo, mwalimu!"

Kumbe basi. Inasimuliwa Zanzibar kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, alipenda muziki wa Misri, akamtuma kijana anaitwa Mohamed Ibrahim aende huko kujifunza. Mtu mmoja tu. Aliporudi aliweza kupiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa magotini, na akawafundisha wenzake. Mwaka 1905 kikaanzishwa kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa, ambacho mpaka leo kipo na kinapiga. Miaka ya katikati ya karne iliyopita vikundi vya taarabu vilikuwa na safu nzima ya fidla kama okestra za filamu za Misri.

Na kuna sababu fidla ikakaa vizuri pwani. Ile kutokuwa na alama shingoni, inayomtesa mwanafunzi, ndiyo inayoifaa taarabu. Muziki wa Kiarabu una sauti zinazokaa katikati ya sauti mbili za piano, na piano haiwezi kuzitoa. Fidla inaweza, sababu kidole kinakwenda popote. Kwa hiyo chombo kilitoka Ulaya, kikapita Misri, kikafika kwetu kikajifunza kuongea kama sisi. Hata mimi Kiswahili changu kimetoka Kivu kimefika hapa, mnanicheka ninavyosema, lakini tunaelewana.

Walimu wake walikuwa nani? Wazee wa vikundi. Kijana anakuja anakaa nyuma, anabeba chombo cha mzee, anaangalia. Siku moja mzee anaumwa, kijana anapewa kiti chake. Hakuna karatasi, sikio tu. Kisha mwaka 2002, pale Mji Mkongwe kwenye jengo la forodha ya zamani, kikafunguliwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Kinafundisha fidla, udi, kanuni, ngoma, na kusoma noti pia. Mwaka 2019 kilikaribia kufungwa kwa kukosa fedha, lakini hakikufa. Na siku hizi wapo wasichana wanaopiga fidla mbele za watu, jambo ambalo zamani halikuwa rahisi. Bibi Mariam Hamdani ameanzisha kundi linaitwa Tausi ambalo wapigaji wake ni wanawake. Kwa hiyo mabinti zetu nao wasikae nyuma wakidhani hii barua inahusu wavulana.

ASUBIRI TUHAMISHWE

Sasa neno la tatu, ndilo zito. Najua wengine mnasema, "Mwalimu, hao wa Kinshasa na wa Zanzibar wako kwao. Sisi ni wakimbizi. Mkimbizi atapiga fidla na moyo gani?"

Niwasimulie habari ya mtu wa Romania, nchi ya huko Ulaya mashariki. Aliitwa George Enescu. Alizaliwa mwaka 1881 kijijini. Wazazi wake walipoteza watoto wengine wote, akabaki yeye. Akiwa na miaka 7 walimpeleka chuo cha muziki Vienna, baadaye akaenda Paris. Akawa mpigaji fidla mkubwa sana, mtunzi, na mwalimu. Mwaka 1916 nchi yake ikaingia vitani. Desemba ya mwaka ule mji mkuu, Bucharest, ukatekwa. Serikali na watu wengi mno wakakimbilia mji wa Iași, kaskazini. Mji ukajaa kupita kiasi, ukaja homa ya chawa, watu wakafa ovyo. Enescu alikuwa huko huko. Hakuweka fidla sandukuni. Alikuwa anaingia hospitali kupigia majeruhi wa vita, na akapiga matamasha ya kuchangia wenye shida.

Vita vikaisha. Mwaka 1927 huko Paris akaanza kumfundisha mtoto wa miaka 11 anaitwa Yehudi Menuhin, aliyekuja kuwa mmoja wa wapigaji fidla wakubwa wa dunia. Mwaka 1946 Enescu akaondoka tena kwao, watawala wamebadilika, na hakurudi. Alifia Paris mwaka 1955, mgonjwa wa mgongo na bila mali nyingi. Alichobaki nacho ni wanafunzi.

Simsemi kwa kumsifu kwamba hakuogopa. Hakuna asiyeogopa. Nasema tu kwamba mji wa Iași haukuwa mwisho wa safari yake, na yeye hakungoja mpaka safari iishe ndiyo apige.

Hapa lazima niseme la kwangu. Nilipomaliza sekondari tukakimbia. Kufika kambini nikajiambia: mi si mtu wa hapa, jina langu liko kwenye orodha, nikifika ninakokwenda nitasoma chuo. Nikakaa. Kila wiki naenda kuangalia ubao wa matangazo, jina halipo, narudi kulala. Mwaka na nusu, wapendwa! Nilikuwa na miaka 20 nikawa na 22, na hakuna kitu nilichojua kipya isipokuwa kucheza karata. Siku moja mwalimu mzee aliyekuwa anafundisha darasa la kwanza aliugua. Akaniita akaniambia, "Wewe unangoja nini? Unajua kusoma. Wale hawajui. Nenda." Nikaenda kwa kumheshimu tu, siku mbili. Huu ni mwaka wa nne.

Jina langu bado halijatoka. Sijui kama litatoka. Lakini kijana wako, mama, ana miaka 13. Vidole vya miaka 13 vinajifunza vitu ambavyo vidole vya miaka 25 vinahangaika navyo. Kuhama kunaweza kuja mwaka huu, kunaweza kuchukua miaka kumi. Miaka hiyo haitunzwi mahali ikatungojea.

LAKINI MKATE JE?

Hili hukuliandika mama, ila najua liko moyoni, na sitaki kukudanganya. Fidla haitamlisha. Wale wa Kinshasa wengi hawalipwi, wanaishi kwa biashara ndogo na kazi za mikono. Kuna wanaopata chochote, kwa mfano Zanzibar kwenye harusi na mahoteli, lakini si wengi. Kama unataka nikuambie kopo la mafuta litakuwa nyumba ya matofali, hapana.

Ninachokiona ni kingine. Huyu mtoto amekimbia akiwa mdogo, ameona asiyopaswa kuona, na yeye mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, ametafuta kopo, akatafuta mshipi, akajaribu, likakataa, akajaribu tena. Darasani kwangu nina watoto ambao hawajaribu kitu mara ya pili. Ninatumia mwaka mzima kuwafundisha hilo, na wengine sifaulu. Wako analo tayari. Ndilo nisingependa lifichwe pamoja na kopo.

Basi ushauri wangu ni huu, uupime mwenyewe:

Kwanza, mrudishie. Mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, asikikute tu kimerudi.

Pili, mpe sharti. Maji madumu mawili kwanza, ndipo zeze. Siku asipoteka, siku hiyo hakuna.

Tatu, asipigie nyumbani. Majirani wana wagonjwa na watoto wachanga, wana haki yao. Kuanzia mwezi huu, Jumanne na Alhamisi baada ya kengele ya mwisho, nitakuwa chini ya mkorosho mkubwa nyuma ya madarasa. Aje huko akwaruze apendavyo. Mzee jirani yangu, yule wa redio, amekubali kuja kukaa nasi. Alipokuwa kijana alipiga zeze la uzi mmoja, na anasema mikono imesahau lakini masikio bado. Mimi mwenyewe sijui kupiga kitu chochote, nitakuwa mwanafunzi.

Fidla hatuna, wala hatumwombi mtu. Tuna zeze moja la kopo, kama mama atakubali. Mwenye kopo tupu la lita tano, mabaki ya mshipi au waya wa breki uliokatika, asitupe, alete shuleni. Na mzazi au babu yeyote anayejua chombo chochote, hata marimba, hata ngoma ya tufo, tunamkaribisha. Mabinti pia waje.

Mama yangu, asante kwa kuniandikia. Nitaangalia Jumanne kama kijana anakuja. Asipokuja sitauliza, wewe ndiye unayemjua.

Mwezi ujao nitarudi kwenye maji ya kunywa, naahidi. Wenye maswali andikeni, mpeni mtoto yeyote wa darasa la pili aniletee. Wasiojua kuandika waje wenyewe asubuhi kabla ya kengele, tutaandika pamoja.

Kwaherini kwa sasa.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea, darasa la pili.